Gari Liligoma Londiani, Ugonjwa Ulitoka Pwani

Mtu wa Pwani apandaye bara kwa gari huchukua hofu mbili: ya baridi na ya mlima. Gari likimzimikia huko juu, hata boneti hajaifungua, hukumu huwa keshaitoa. Ni baridi, au ni mlima. Nami nilikuwa na hukumu hiyo mfukoni asubuhi moja ya mwezi wa Julai, gari la ami yangu lilipotuzimikia karibu na njia panda ya Londiani, katika Kaunti ya Kericho, nasi twakimbilia nikaha Kisumu baada ya sala ya alasiri.

Tulikuwa watatu: ami, mkewe, na mimi mshika usukani. Tulikuwa tumetoka Mombasa jana yake, tukalala Nakuru, tukaondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Gari lenyewe ni la miaka ya themanini, la petroli na kabureta, gea za mkono. Ami alilinunua likiwa jipya na hadi leo hamruhusu mtu kuliita kuukuu, kwa hiyo jina lake nalihifadhi.

Tulipofika Mau Summit, mahali barabara inapogawanyika, moja ikienda Eldoret na nyingine ikishika njia ya Kericho, niliona taa za mbele zinacheza. Zilififia, zikarudi, zikafifia tena. Niliona lakini sikusema. Mbele kidogo injini ikakohoa mara mbili, kama mzee atakaye kusema neno kisha akaghairi, ikanyamaza kimya. Nikalisogeza gari kando kwa mwendo uliobaki. Nikageuza ufunguo. "Tik." Nikageuza tena. "Tik." Basi, hakuna zaidi.

Ami akashusha pumzi. "Baridi hiyo," akasema. "Gari la watu halijazoea."

MJI WA MAGURUDUMU YALIYOKWAMA

Londiani haiko mbali na mashamba ya chai, lakini ile zulia ya kijani tuionayo katika picha huanza mbele zaidi, ukishuka kuelekea Kericho. Hapa ni juu, kiasi cha mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya misitu, viazi na maziwa, na tangu 1957 pana chuo cha kufundishia watu kazi ya misitu. Maji huchemka yakiwa kama digrii 92 tu, na ukungu wa asubuhi hukaa barabarani mpaka jua liufukuze.

Kukwama kwa magurudumu si jambo geni hapa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Londiani kabla ya kufika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Lakini mtu aliyetaka kupeleka mzigo Eldoret alikuwa akiuteremsha hapa Londiani, akaupakia juu ya magari ya ng'ombe, akaingia msituni. Mvua ikinyesha, gari lilizama hadi ekseli na safari ya siku chache ikawa ya majuma. Hali hiyo ilidumu mpaka reli yenyewe ilipofika Eldoret mwaka 1924. Basi sisi tuliosimama pale kando ya lami na shali mabegani tulikuwa katika jamaa kubwa ya watu waliowahi kutazama gurudumu lisilozunguka katika nchi hii.

Haikupita robo saa, waganga wakawa wamejaa. "Chamgei," wakatuamkia kwa Kikipsigis, nasi tukaitikia tulivyoweza. Wa kwanza alikuwa dereva wa matatu, kijana mkarimu kweli, akaleta waya zake za kuazimia moto. Akafunga waya mwekundu kwenye nguzo chanya ya betri yetu, mweusi kwenye nguzo hasi, kama ilivyo desturi. Nikageuza ufunguo. "Tik."

"Basi si betri," akasema, na hapo alisema kweli.

Wa pili akasema stata imekufa. Yeye anamjua mtu Nakuru mwenye stata ya mtumba, bei si mbaya, twende mmoja wetu na pesa. Ami akaanza kupapasa kanzu kutafuta pochi. Wa tatu akasema ya nini gharama yote hiyo, barabara si inateremka? Tulisukume, lishike kasi, kisha niingize gea ya pili na kuachia klachi, litawaka lenyewe.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia la viazi akainuka. Hakupaza sauti. Aliinyoosha fimbo yake kuelekea njia panda, akasema, "Hapa hatuteremshi gari bovu."

Hakuhitaji kueleza. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda hiyo hiyo, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo likavamia magari, pikipiki na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Waliofariki walipita 50. Mimi sisemi kwamba lori lile lilikuwa na ugonjwa kama wetu. Nasema jambo dogo ambalo madereva wengi hawalijui: breki za gari la siku hizi, na hata la ami, husaidiwa na mvuto wa hewa utokao kwenye injini. Injini ikizima hubaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kisha kanyagio huwa gumu kama jiwe. Na kama usukani ni wa kusaidiwa na mashine, nao huwa mzito hivyo hivyo. Kulisukuma gari lililozima juu ya tambarare ni kazi ya mikono. Kuliachia mteremkoni mbele ya soko ni kucheza na roho za watu.

Tukatia mawe chini ya magurudumu.

FUNDI MWENYE MASWALI

Fundi aliletwa kwa pikipiki kutoka upande wa mjini. Mtu wa makamo, koti la mvua, mfuko wa turubai begani. Nilidhani atakwenda moja kwa moja kwenye stata, kwa kuwa keshaambiwa ndiyo mgonjwa. Hakwenda. Alimwamkia ami, akamwamkia bibiye, kisha akaniuliza mimi, "Lilizima ghafla, au lilianza kwa kudhoofika?"

Nikasema lilikohoa.

"Kabla ya kukohoa, taa zilikuwaje?"

Nikaona haya kidogo. Nikasema zilikuwa zikicheza tangu Mau Summit. Ami akanitazama kwa jicho ambalo msomaji yeyote aliyelelewa na ami yake analijua.

"Na sasa hivi ukigeuza ufunguo, taa hufifia au hubaki vile vile?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameliangalia. Akaniambia niwashe taa za mbele, yeye akasimama mbele ya gari, nikageuza ufunguo. "Tik." Taa hazikutikisika hata kidogo.

Hapa nimsimamishe fundi kwa dakika chache, maana swali lake hili ndilo lingemwokolea pesa nyingi mwenye gari yeyote. Gari likikataa kuwaka, ugonjwa ni wa namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Kuna gari ambalo ukigeuza ufunguo injini inazunguka, unaisikia, lakini haishiki. Hilo stata yake ni nzima na betri yake ina uhai. Lililokosekana ni petroli au cheche, basi. Chomoa plagi moja uitazame: ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tafuta cheche, ikiwa kavu kabisa, tafuta mafuta. Katika magari ya kabureta yanayopanda milima hii jua likiwa kali, petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika, na kitambaa cha maji juu ya pampu huwa dawa tosha.

Na kuna gari ambalo injini haizunguki kabisa, kama letu. Hapo petroli na plagi hazina kesi. Hapo ndipo taa zinakuwa shahidi. Taa zikizimika ukigeuza ufunguo, betri imechoka au vichwa vya waya wake vimelegea au vimeota kutu. Stata inaomba nguvu na nguvu haipo. Stata ni mlafi: huvuta ampea 100 na zaidi kwa mara moja, wakati taa zote mbili za mbele hutosheka na kama 10. Ndiyo maana taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima, ingawa kila mtu kando ya barabara atakwambia hivyo. Lakini taa zikibaki ang'avu bila kutikisika, maana yake nguvu ipo, ila haikuifikia stata; imezuiwa njiani, ama ndani ya stata yenyewe, ama katika swichi ya ufunguo, ama katika waya.

Kuna la tatu linaloogopesha zaidi, nalo ni injini iliyoshikana, kwa kukosa oili au kwa kunywa maji barabara ikifurika. Fundi wetu alilimaliza hilo mapema: alivuta kijiti cha oili akakitazama, kisha akatia spana kwenye nati ya puli ya mbele akaizungusha injini kwa mkono. Ilizunguka kwa upole. Ami akasema alhamdulillahi kwa sauti.

Desturi hii ya kusikiliza kwanza ina wazee wake katika nchi ya Kericho. Joginder Singh, yule ambaye mashabiki wa Safari Rally walimwita Simba, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Kabla ya kuwa bingwa alikuwa fundi, na alifanya kazi ya doria kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akizunguka barabarani kuwasaidia waliokwama kama sisi. Alishinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, akawa wa kwanza kushinda mara tatu. Lakini wenye kuijua kazi husifu hesabu nyingine: alishiriki mara 22 akamaliza mara 19, katika mashindano ambayo mengi ya magari hayakuwa yakifika mwisho. Mtu hamalizi mara 19 kwa kukanyaga mafuta tu. Alifariki London mwaka 2013.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Alifanya jambo ambalo sikulielewa. Aliinama juu ya injini, akaushika waya wa akseleta, ule wa chuma uendao kwenye kabureta, kwa vidole viwili, akauachia upesi. Akacheka.

"Mzee, gusa hapa."

Ami akagusa. Waya ulikuwa wa moto.

Asubuhi ya baridi ile, injini imezima karibu saa nzima, waya wa kuvutia mafuta una moto wa nini? Fundi akaeleza kwa maneno machache. Umeme wa betri ukitoka ni lazima urudi. Huenda kwenye stata kwa waya mnene, na hurudi kupitia mwili wa injini, kisha kwenye bodi ya gari, kisha nguzo hasi ya betri. Baina ya injini na bodi pana mkanda wa shaba uliosukwa, kwa kuwa injini imekaa juu ya mipira na mipira haipitishi umeme. Mafundi huuita athi. Mkanda huo ukikatika, umeme hutafuta kichochoro kingine, na kichochoro kilichobaki mara nyingi ni waya wa akseleta, mwembamba kama uzi mbele ya kazi hiyo. Basi unapata moto, na stata inapata "tik".

Akatoa mita ndogo. Akaweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nigeuze ufunguo. Mita ikasoma zaidi ya volti 8. Njia nzima hapo haitakiwi kupoteza hata nusu volti. Yaani katika volti 12 za betri, sehemu kubwa ilikuwa inaishia njiani na stata ikila makombo.

Kisha akamwomba yule dereva wa matatu waya wake mweusi. Akafunga upande mmoja kwenye nguzo hasi ya betri yetu wenyewe, na upande wa pili hakuufunga kwenye betri ya mtu yeyote. Aliubana kwenye chuma cha injini yetu. "Washa."

Injini ilishika mara ya kwanza. Mke wa ami akapiga kigelegele ndani ya gari.

Yule dereva wa matatu alibaki akitazama waya wake. Angeubana pale mwanzoni, kwenye injini badala ya betri, gari lingewaka saa nzima nyuma, na sote tungesema tatizo lilikuwa betri, tukanunua betri mpya Kericho, na jioni tukakwama tena.

CHUMVI

Mkanda wenyewe ulikuwa chini, karibu na gea, mahali macho hayafiki. Fundi alilala juu ya gunia akautoa. Shaba yote ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizokuwa zimebaki zilikatikia mkononi mwake kama nyuzi za kamba ya mkonge iliyooza. Akaugeuza geuza.

"Gari hili hulala wapi?"

"Mombasa," akajibu ami. "Mji wa Kale. Hatua chache tu na bahari."

"Hii ni chumvi."

Ami hakuipenda habari hiyo. Alikuwa amekuja na baridi ya Londiani kama mshitakiwa, sasa anaambiwa mshitakiwa ni upepo wa nyumbani kwake, ule ambao kila jioni hutoka barazani kuufurahia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Akajaribu kujitetea: mbona Mombasa liliwaka kila siku?

Fundi alikubali kwamba baridi ilikuwa na mkono wake. Pwani oili huwa nyepesi na stata haisumbuki. Nyuzi chache za shaba zilitosha kubeba mzigo. Asubuhi ya baridi oili huwa nzito, betri nayo hupungukiwa na nguvu, na stata huomba umeme zaidi. Pale Nakuru tulipoliwasha alfajiri, nyuzi zile chache zilibebeshwa mzigo wa kamba nzima. Zilizobaki zikamalizwa na mtikisiko wa safari. Na kwa kuwa umeme wa alteneta nao hurudi kwa njia ile ile, taa zikaanza kucheza, cheche zikakatika-katika, gari likakohoa. Kuzima kwake na kukataa kwake kuwaka havikuwa visa viwili. Kilikuwa kisa kimoja.

Nilimuuliza habari za magari ya sasa, yenye kompyuta, ambayo mengi hayana hata huo waya wa akseleta. Akasema maswali ni yale yale: injini inazunguka au haizunguki? Yameongezeka mambo, ndiyo. Gari la gea za kujiendesha halizungushi stata kama mkono wa gea haukukaa sawasawa, na amewahi kuitwa usiku kwa sababu hiyo tupu. Ufunguo wenye chombo cha kuzuia wezi ukigoma, gari hugoma nao. Na kuna kihisio kinachosoma mzunguko wa injini, kikipata moto hufa, injini ikazima. Kikipoa hufufuka, na mwenye gari akadhani ni jini. Mashine ya kusomea makosa ya kompyuta anayo, huiazima kwa mwenzake. "Lakini hiyo hukwambia panapouma," akasema. "Haikwambii kwa nini."

Alikata kipande cha waya mnene wa betri ya lori, akakipigia vichwa viwili vya shaba, akasugua chuma cha injini na cha bodi kwa msasa mpaka vikang'aa, akafunga, kisha akapaka grisi juu. Alisisitiza sana habari ya grisi: juu, baada ya kukaza, wala si katikati ya chuma na chuma. Kazi yote haikufika nusu saa. Alichotoza kilikuwa chini ya nauli ya mtu mmoja kwenda Nakuru na kurudi kutafuta stata ambayo haikuwa mgonjwa. Ami alimlipa, akaongeza, kisha akamwomba ule mkanda mbovu. Akaufunga katika leso kama hirizi.

Kisumu tulifika nikaha imekwisha kusomwa, lakini pilau ilikuwa bado. Ami alikula na leso mbele yake, akiifungua kwa kila aliyekaa karibu, hata bwana harusi.

Tuliporudi Mombasa hakuiweka. Jumapili iliyofuata, baada ya kahawa, aliniita nichukue tochi, tukapita kwa majirani watatu wenye magari ya zamani yanayolala nje karibu na bahari, tukaomba kutazama chini ya boneti. La kwanza lilikuwa na unga wa kijani. La pili mkanda ulikuwa umebaki nusu. Wa tatu alikataa kufungua, akasema gari lake halijawahi kuzima hata siku moja, na wala hana safari ya bara.